Jumatatu Niliyokwenda Southend Peke Yangu

Naandika haya kwa ajili ya wanaume wa rika langu walioambiwa na daktari kwamba tezi dume lazima itolewe, na wakaambiwa pia, kwa sauti ya chini kidogo, kwamba baadaye mkojo unaweza kuwasumbua. Mimi niliposikia neno hilo, kusumbua, nilidhani ni mambo ya wiki moja mbili. Hakuna aliyenificha kitu. Nesi alinieleza yote na karatasi zenye michoro akanipa, lakini nilikuwa nimekaa ubavuni mwa mke wangu, na mbele yake sikutaka kuuliza swali hata moja. Kila alipomaliza sentensi yule nesi niliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyekwisha kuyajua. Tulipotoka pale nilikuwa sijaelewa hata nusu.

Mke wangu anaitwa Salma. Anafanya kazi ya kutunza wazee majumbani mwao, kuwaogesha, kuwavisha, kuwalisha. Mimi niko stesheni ya Stratford, hapa London, nasimama getini abiria wanapopita na kadi zao. Sote wawili ni watu wa Unguja. Tuna binti mmoja, Rahma, aliyezaliwa hapa, anayesikia Kiswahili chote na kujibu kwa Kiingereza.

Kila kiangazi sisi na familia nyingine za kwetu tunakodi basi na kwenda Southend, mji wa pwani. Sufuria la pilau hufungwa kwenye mablanketi ili lifike na moto wake, majamvi huwekwa chini ya viti, na wanawake huingia baharini na nguo zao zote huku Waingereza wakiwatazama. Adhuhuri ikiingia tunatandika kwenye majani, juu ya ufukwe, na mimi ndiye ninayeswalisha. Si kwamba mimi ni sheikh. Mwaka wa kwanza walinisukuma mbele, nikasoma vizuri, na toka hapo kazi ikawa yangu. Nilijifanya naona tabu kila mwaka, na kila mwaka nilikuwa nimekwisha kuzipitia sura zangu wiki nzima kabla. Nilikuwa naipenda nafasi ile kuliko nilivyokuwa tayari kukiri.

Operesheni yangu iliangukia kiangazi, wiki ileile ya safari. Basi lilipoondoka mimi nilikuwa kitandani na mpira wa mkojo umeingia mwilini, na mfuko wake umefungwa pajani. Salma alibaki na mimi. Alipotaka kunisaidia kuumwaga mfuko ule nilimwambia niache, nikajikokota mpaka bafuni, nikafunga mlango kwa komeo. Alisimama nje akisema, "Baba Rahma, mimi kazi yangu si ni hii?" Nilimsikia akirudi jikoni taratibu.

Mpira ulipotolewa ndipo nilipojua maana ya kusumbuliwa. Nikiinuka kwenye kiti, unatoka. Nikikohoa, unatoka. Nikicheka, unatoka, kwa hiyo nikaacha kucheka, na mimi kwetu ndiye ninayejulikana kwa maskhara. Nilianza kuvaa pedi. Nilizinunua duka la mbali na mtaa wetu, nikizifunika kwa mkate na mfuko wa viazi, na nyumbani nilizificha juu ya kabati nyuma ya masanduku ya safari. Zilizotumika nilizifunga kwenye mifuko ya plastiki, nikazitia kwenye begi langu la chakula na kwenda kuzitupa kazini. Mwanamume mzima, anayeheshimiwa, nilipanda treni kila asubuhi na mkojo wangu wa jana begani. Niliogopa kuliko kitu chochote kwamba nanuka. Rahma akija kukaa karibu yangu kwenye kochi nilikuwa nasogea, na siku moja aliniuliza, "Dad, are you angry with me?" Nikamwambia sina hasira.

Majani yalipoanza kudondoka tulikwenda hitma, kisomo cha kurehemu wafu, kwa dada yake Salma, Asha, anayekaa Thornton Heath. Kutoka kwetu ni mwendo, na ili nifike mkavu sikunywa kitu tangu usiku. Nyumba ilikuwa imejaa watu na choo ni kimoja, mlangoni pana foleni ya wanawake na watoto. Chai ikaletwa, na sambusa, na vitumbua. Sinia likanifikia, na mimi nikawa nalitazama tu, nafikiria foleni ile. Asha akaniona. Akasema kwa sauti, kwa mapenzi kabisa, "Aa, leo Jumatatu. Mrukeni shemeji, amefunga."

Nilichotakiwa kufanya ni kusema, hapana, sikufunga. Nikainamisha macho. Kwenye nyumba ya hitma, mtu mgonjwa akiinamisha macho baada ya maneno kama hayo, watu wameshapata jibu lao. Mzee mmoja akasema, "Mashaallah." Tuliporudi Salma alinishika mkono kwenye basi na kuniambia, "Hukunambia. Na maradhi yako yote haya unafunga?" Macho yake yalikuwa yana machozi. Nikamwambia hayo ni mambo baina ya mtu na Mola wake, na maneno hayo nikiyakumbuka hadi leo natamani kujificha.

Ikawa ndiyo njia yangu. Jumatatu na Alhamisi, siku za sunna, nilikuwa nimefunga, na siku nyingine za kualikwa, kama haikuwa Jumatatu wala Alhamisi, nilikuwa nalipa deni la Ramadhani. Hakuna anayemshurutisha mtu aliyefunga anywe chai. Hakuna anayemuuliza kwa nini amekwenda kujilaza chumbani. Kazini nilikula mkate wa mayai kwenye chumba cha wafanyakazi, mkavu, bila kitu cha kuuteremshia. Siku za baridi jua linapozama mapema Salma alikuwa ananipigia simu, "Umefungua?" na mimi najibu, "Nimefungua, alhamdulillahi." Mchana uliporefuka akawa anakaa na mimi mezani tunangoja adhana ya kwenye simu, na tende anachukua pamoja na mimi. Niliona ni adabu ya mke mwema, kumsindikiza mumewe.

Sifa zikaenea. Watu wakaanza kunitumia ujumbe, naomba uniombee, mwanangu ana mtihani, mama yangu yuko taabani Unguja. Asha aliniomba nimuombee binti yake aliyekuwa na mimba ya tabu. Niliwaombea, hapo sisemi uongo. Lakini walikuwa wananiomba kwa sababu ya funga nisiyoifunga, na mimi nikitia amina na tumbo langu limejaa mayai.

Baada ya mwaka mpya vipimo vya damu vikaonyesha kwamba ugonjwa haukuisha wote, na wakanipangia mionzi. Kila siku ya kazi, kwa wiki nyingi, nilikwenda hospitali. Sasa sikilizeni jambo hili, maana hakuna aliyenisimulia kabla. Kwa mionzi ya sehemu ile kibofu kinatakiwa kijae. Unafika, unapewa maji, unakunywa vikombe walivyokuhesabia, halafu unakaa kwenye chumba cha kusubiri na wanaume wenzako, wote mmevaa yale magauni ya hospitali yanayofungwa nyuma, wote mnajibana. Hakuna anayeongea sana. Mashine ikichelewa unaona miguu inaanza kucheza.

Mimi nilikuwa nimejizoeza kutokunywa, na kunywa kwangu kulikuwa kwa hofu, funda moja moja. Wakinilaza wanapima wanaona kibofu hakijajaa, wananirudisha nje nikanywe tena. Mzee mmoja wa Kiingereza, dereva wa lori mstaafu, alikuwa akiniona narudi anasogeza begi lake nikae. Siku moja, mimi nikiwa naangalia glasi yangu, unyevu ukaanza kusambaa kwenye gauni. Nilibana miguu, nikaona uso unaniwaka. Yule mzee hakusema pole wala hakuniangalia. Alimwaga maji kidogo ya glasi yake sakafuni mbele yetu, akamwita nesi akamwambia mikono yake siku hizi inatetemeka, amechafua. Sikuwahi hata kumshukuru, kwa sababu kumshukuru ni kukubali kwamba aliona.

Nesi wa mionzi ndiye aliyenikalisha chini. Aliniambia kutokunywa maji kunazidisha, mkojo unakuwa mkali na kibofu kinakasirika, kwa hiyo kunywa, kidogo kidogo, mchana kutwa, na ufanye mazoezi yako ya kubana. Nikaitikia kwa kichwa. Ramadhani ikaingia mionzi ikiendelea, na mwezi huo nilikula mchana kwa ruhusa ya daktari na ya dini. Ulikuwa mwezi mwepesi kuliko yote ya mwaka ule, mwezi pekee ambao sikudanganya. Salma akawa anawaambia watu jinsi inavyoniuma kutofunga. Idi ikaisha, mionzi ikaisha, na Jumatatu ya kwanza nikarudia yangu.

Ikafika Idi Kubwa, mwanzo wa kiangazi. Ilikuwa Ijumaa. Tuliswali, tukala biriani, Jumamosi na Jumapili nyumba haikukaukiwa na wageni. Jumapili hiyo Asha alikuwa kwetu, na akatusomea kwenye simu mipango ya safari ya Southend. Basi limepatikana, pilau atapika fulani, majamvi ataleta fulani. "Na imamu wetu mwaka huu anarudi," akasema, akinitazama kwa furaha. "Mwaka jana tuliswalishwa na kijana, alitukimbiza kama anawahi treni." Wote wakacheka. Salma alinitazama kwa fahari.

Mimi nilikuwa napiga hesabu nyingine. Safari ya basi, foleni ya vyoo, kutawadha mbele ya watu, kurukuu, kusujudu. Kila ninaposujudu, unatoka. Nilijua tangu chuo cha Kurani kwamba mtu wa namna yangu anatawadha kila wakati wa swala unapoingia na anaswali hivyohivyo, Mungu anamsamehe, lakini kuwaswalisha watu wenye udhu kamili masheikh wana khitilafu, na sikuwa nimemuuliza sheikh yeyote kwa sababu kuuliza ni kusema. Nikikataa nitaulizwa kwa nini. Nikikubali nitawaswalisha watu na siri yangu. Na Salma akijua hili la mkojo, atalijua na lile la funga, na hapo sikujua nitamtazama vipi.

Nikaamua kwenda kujijaribu. Jumatatu ile nilikuwa na mapumziko kazini. Nitapanda treni peke yangu mpaka Southend, nikae ufukweni kama siku ya safari, nile, nitembee, niswali, nirudi. Nikirudi mkavu, nitakubali.

Salma alikuwa kazini tangu alfajiri. Nilimpigia nikiwa stesheni.

"Southend?" akasema. "Peke yako? Kuna nini?"

"Nakwenda kupunga upepo tu."

"Haya, vizuri. Toka umeugua hujaiona bahari. Biriani umechukua? Ipo kwenye friji, kwenye kopo la buluu."

"Nimefunga. Leo Jumatatu."

Alinyamaza kidogo. Nilisikia sauti ya mzee anayemtunza ikimwita.

"Sawa," akasema, akakata.

Begi langu lilikuwa na pedi na chupi ya akiba. Suruali ya akiba sikuchukua. Nilivaa ile ya khaki, ninayovaa siku za safari.

Southend siku ya kazi si ile ninayoijua. Michezo ya watoto ilikuwa imefunguliwa na muziki unapigwa, lakini waliokuwepo ni wazee na mama wachache na vigari vya watoto. Nilipita kwenye majani yetu, pale tunapotandika, nikaona udogo wake. Nilikaa kwenye ukuta wa ufukweni. Upepo ulikuwa mzuri, jua limetoka. Kwa mara ya kwanza kwa miezi hakukuwa na mtu yeyote anayenijua, na nikahisi njaa na kiu ya ajabu. Nikaenda kununua samaki na chipsi, na chai, kikombe kile kikubwa kabisa. Nikanywa yote. Nikaongeza cha pili. Nilikula chipsi zile mpaka ukoko wa chini, nikalamba siki vidoleni. Nawaambia ukweli, nilikuwa na raha.

Nilipoinuka kutoka ukutani haikuwa tone wala matone. Pedi ilishajaa bila mimi kujua, na kilichobaki kilishuka chote, mapaja yote mawili, mpaka kwenye soksi. Khaki ikawa rangi mbili. Nilibaki nimesimama nimeshika kikombe kitupu. Mama mmoja mwenye kigari alinitazama, akageuza kigari.

Nikapata wazo. Bahari iko hapa, nitaingia na nguo kama wanavyoingia wake zetu, nikitoka nimelowa mwili mzima nani atajua? Nikashuka ngazi mbiombio. Ndipo nilipoona kwamba bahari haipo. Maji yalikuwa yamekupwa, yamekwenda mbali kule unakoona mstari mwembamba tu, na mbele yangu ni tope, tope mtindo mmoja. Mimi mtoto wa Unguja, niliyekulia kwenye maji kujaa na kupwa, nimekaa pale muda wote ule natazama na sikuona. Nikapiga hatua chache kwenye tope, viatu vinazama, mpaka nikafika kwenye kidimbwi kilichoachwa na maji, kina chake hakipiti kisigino. Nikakaa ndani yake. Nikawa najimwagia maji kwa viganja mapajani, huku nasema peke yangu, "Yarabi, maji yenyewe yako wapi?"

"Yatarudi saa kumi," sauti ikanijibu kwa Kiswahili. "Lakini hapo utapata baridi, bwana."

Alikuwa mzee wa Kihindi, amevaa kofia ya kushonwa kwa mkono na koti, amesimama pale tope linapoanzia. Nyuma yake, kwenye benchi, alikaa mkewe na shali kubwa na kikapu. Alisema anaitwa Yusuf, kwao ni Mombasa, sasa wanakaa Harrow, na mwanawe amewaleta kupunga hewa akaenda kutafuta mahali pa kuegesha gari. Hakuniuliza kwa nini nimekaa kwenye kidimbwi. Alininyooshea mkono nikautoa mguu wangu kwenye tope, akamsemesha mkewe Kikachi, lugha ya kwao, na yule mama akavua ile shali, akanipa, na kugeuka kutazama upande wa gati. Nikajifunga kiunoni kama kikoi. Tukakaa, na mzee akafungua chupa ya chai na kopo la bajia.

"Karibu. Chai ya tangawizi, itakupasha."

Na mimi, kwa kinywa hiki, nikasema, "Ahsante, mzee wangu, nimefunga."

Mzee Yusuf akaweka kikombe chini. "Wafunga leo?"

"Leo Jumatatu."

"Bwana wewe. Kwanza, nimekuona pale juu ukila chipsi, hata nikamwambia mke wangu, yule ana njaa. Pili, Idi ilikuwa Ijumaa. Leo ni Idi nne. Leo kufunga ni haramu, hata mtoto wa chuo ajua."

Kwetu Unguja siku kama ile watoto bado wako kwenye viwanja vya sikukuu na nguo mpya, huwezi kusahau hata ukitaka. London Jumatatu ni Jumatatu. Nilitazama mikono yangu yenye tope. Halafu nikamwambia yote. Sijui kwa nini yeye. Labda kwa sababu nilikuwa nimevaa shali ya mke wake na hapakuwa na heshima yoyote iliyobaki ya kulinda. Nilimwambia operesheni, pedi, hitma, mayai, dua za watu. Alisikiliza akila bajia.

"Mke wako ajua?" akauliza.

"Hajui."

"Leo umemwambia umefunga?"

"Nimemwambia asubuhi, kwenye simu."

Alinitazama kwa huruma. "Basi leo ajua," akasema.

Nilitoa simu. Hapakuwa na ujumbe wowote kutoka kwake, na Salma si mtu wa kukaa mchana kutwa bila kunitumia kitu. Nikakumbuka kile kimya cha asubuhi. Mzee Yusuf akanimiminia chai na nikainywa, na shali mkewe alikataa niirudishe. Nilirudi London nimesimama treni nzima, nimejifunga shali ya maua, sitaki kukaa kwenye kiti cha watu.

Salma alikuwa jikoni, bado na koti la kazini. Aliitazama shali, akaitazama suruali chini yake, hakuuliza habari za vitu hivyo.

"Leo umefunga, Baba Rahma?"

"Hapana."

"Alhamisi iliyopita? Siku ya Arafa?"

Hili ndilo nililokuwa naliogopa tangu Southend. Siku ya Arafa, mkesha wa Idi Kubwa, hata wanaovuta miguu mwaka mzima hufunga.

"Hapana," nikasema. "Nilikula kazini."

Alivuta kiti akakaa. "Na zote zile?"

"Zote zile."

Nikamwambia, nimesimama mlangoni. Nikaenda nikashusha pedi kutoka juu ya kabati nikamwekea mezani, maana nilijua nikiacha kidogo tu nitaanza tena kuficha. Alizigeuza mikononi kwa uzoefu. Akasema hizi si za saizi yangu, na si za wanaume. Kisha akazisukuma pembeni.

"Wazee wa Kiingereza wasioweza hata kulitamka jina langu wananiacha niwasafishe," akasema. "Wewe ulinifungia mlango kwa komeo."

"Niliona haya."

"Mbele yangu mimi."

"Mbele yako zaidi kuliko wote."

Niliposema kwamba angalau funga ile ilikuwa yangu mwenyewe, dhambi yangu, haikumdhuru mtu, ndipo aliponyanyua uso.

"Mimi nimekuwa nafunga na wewe," akasema. "Tangu ile hitma. Kila Jumatatu na Alhamisi, ila Ramadhani na siku zangu. Niliona mume wangu mgonjwa anafunga, mimi mzima nakula kwa uso gani? Nikawa nakuombea."

"Nilidhani ulikuwa unanisubiri tu tule pamoja."

"Nilikuwa na njaa, Baba Rahma."

Alisema bila hasira, kama mtu anayeeleza jambo asilojua alitie wapi. Nikamwona miezi yote ile, anapanda na kushuka ngazi za watu, anainua wazee vitandani, na midomo imemkauka, na jioni anakaa mbele yangu anaichukua tende yake na mimi namwona mke mwenye adabu. Nimeaibika mara nyingi katika ugonjwa huu, kwenye treni, kwenye gauni la hospitali, kwenye tope. Zote zile nikizikusanya hazifiki ya pale jikoni. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia.

"Nikutangazie?" akasema. Akainuka akaenda kulala.

Kwa hiyo nyinyi mnaosoma, kunyweni maji. Ulizeni maswali mbele ya wake zenu, na kama hamwezi, rudini peke yenu mkaulize. Zipo pedi za wanaume. Mazoezi yale yanasaidia, kwangu yalichukua muda mrefu lakini sasa, baridi imeingia tena, nikikohoa si neno, na vipimo vya damu vimetulia. Asha nilimpigia mwenyewe siku ya pili nikamwambia atafute imamu mwingine na sababu nikamtajia. Alisema pole. Southend nilikwenda, nikaswali safu ya nyuma, na waliojua wakajifanya hawajui. Dua hawaniombi tena, na hilo ni haki yao.

Siku zile mbili baada ya Jumatatu Salma alizungumza na mimi mambo ya nyumba tu. Alhamisi asubuhi nikaona ameondoka bila kunywa chai. Sikutegemea kwamba angefunga tena. Nilirudi kutoka kazini mapema, nikapika uji wa pilipili manga na muhogo wa nazi, nikakaanga samaki, nikaungua kidole. Jua la kiangazi linachelewa. Aliingia amechoka, akanawa, akakaa, tukangoja adhana. Ilipolia nikamsogezea tende. Akachukua moja, akaishika.

"Na wewe leo?"

"Sikufunga. Nimekunywa maji tangu asubuhi."

"Alhamdulillahi," akasema, akaanza kula.